Unataka Sauti ya Piano ya Ukweli na Mfuko Umekauka? Vile Unachagua Plagini za Bure Bila Kuuziwa Ndoto

Wasee wa kutengenezea biti kejani, hii ni yenu. Uko na lapi ya ex-UK, uko na kinanda kidogo cha USB, umefungua FL Studio, umebonyeza noti ya kwanza, na kinachotoka ni sauti ya ile kadi ya Krisimasi huimba ukiifungua. Unaingia YouTube unapata msee wa majuu akicheza piano hadi unaskia mbao ikipumua. Unacheki bei ya plagini yake: dola mia kadhaa. Hapo wengi hufanya kitu moja kati ya mbili. Kuna wale hukata tamaa, na kuna wale huenda kutafuta kraki.

Kuna njia ya tatu, na haitaki ganji nyingi. Inataka tu ujue ni nini hufanya sauti ya kinanda iskike ya ukweli, ndio usilipie kitu hauhitaji. Ukielewa hiyo, utagundua sauti nne ama tano za bure zinatosha kukupeleka mwaka mzima, na doo yako iende pale inasaidia zaidi.

Kwanza, plagini ni nini hasa?

Plagini ya ala ni programu inakaa ndani ya programu yako ya kurekodi, kama FL Studio, Reaper ama Ableton. Kinanda chako hakitumi sauti kwa lapi. Kinatuma ujumbe wa MIDI, teknolojia ya 1983, na huo ujumbe unasema tu: kitufe hiki kimebonyezwa, kwa nguvu hii, kimeachiliwa saa hii. Plagini ndiyo inageuza huo ujumbe kuwa sauti. Fomati maarufu inaitwa VST, ililetwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani 1996, na kufika 1999 ikaanza kubeba ala zenyewe, si mwangwi na vitu kama hizo pekee.

Kuna njia mbili kubwa za kupata hiyo sauti. Ya kwanza ni sampuli. Watu wameketi studio na piano ya ukweli, wakarekodi kitufe baada ya kitufe, polepole na kwa nguvu, halafu plagini inakuchezea hizo rekodi. Ya pili ni hesabu. Programu inapiga hesabu ya vile nyundo inagonga waya na vile mbao inatetemeka, papo hapo unapobonyeza. Hakuna rekodi ndani.

Hizi mbili zina tabia tofauti. Za sampuli hula nafasi kwa diski na RAM. Za hesabu ni ndogo, lakini hutesa prosesa. Ukijua lapi yako ina shida gani kati ya hizo, ushajua utaanzia wapi.

Kwa nini zingine ni GB nyingi hivyo?

Tupige hesabu kidogo. Sekunde 10 za sauti ya stereo yenye ubora wa studio, yaani biti 24 na sampuli 44,100 kwa sekunde, ni karibu MB 2.6. Piano ina vitufe 88. Ukirekodi kila kitufe mara moja, uko karibu MB 233. Sasa rekodi kila kitufe kwa nguvu 16 tofauti, kutoka kugusa tu hadi kugonga kwa hasira. Hiyo ni karibu GB 3.7, na ni maikrofoni za sehemu moja tu. Ukiongeza za mbali na za juu ya kichwa cha mchezaji, unaona vile watu hufika GB 40.

Lakini skiza vizuri: GB nyingi si sawa na sauti poa. Nusu ya hizo GB inaweza kuwa maikrofoni hautawahi kuwasha. Kitu unatafuta ni yale matabaka ya nguvu. Piano ya ukweli ukiigusa polepole haipunguzi sauti tu, inabadilika rangi, inakuwa ya giza na laini. Ukiigonga inang'aa na kukwaruza. Plagini yenye tabaka moja inapandisha na kushusha volyumu ya rekodi ile ile. Hapo ndipo ile sauti ya kadi ya Krisimasi hutoka.

Kabla ya plagini, cheki kinanda chako

Hii ndiyo sehemu watu huruka, halafu wanalaumu plagini. MIDI hupima nguvu ya kubonyeza kutoka 1 hadi 127. Kama kinanda chako hakisikii nguvu, kila noti inaenda na namba moja, na hata plagini ya dola 500 itakuchezea tabaka moja tu siku nzima. Umenunua piano ya matabaka 16 na unatumia moja.

Vinanda vidogo vya vitufe 25 vina shida nyingine. Vitufe ni vifupi na springi ni ngumu, kwa hivyo ni kazi kupata noti za upole. Ingia kwa mipangilio utafute kitu inaitwa velositi, ubadilishe mchoro wake hadi ukigusa kidogo upate kidogo. Hiyo ni bure, na mara nyingi inabadilisha sauti kuliko plagini mpya.

Rada ingine: pengine kontrola poa iko karibu na wewe tayari. Kile kinanda cha kanisa ama cha budako kilichokaa juu ya kabati, cheki mgongo wake. Kama kuna tundu ya mraba imeandikwa "USB to Host", ile inafanana na ya printa, basi kinaweza kuongea na lapi. Yamaha PSR-E373, kwa mfano, iko na hiyo tundu na inasikia nguvu ya kubonyeza. Zile ndogo kabisa kama PSR-F51 hazina tundu hiyo, na vitufe vyake havisikii nguvu. Kwa hivyo ukienda Luthuli kununua kinanda cha mtumba, usiulize tu bei. Geuza mgongo uangalie, halafu bonyeza noti polepole na kwa nguvu mbele ya muuzaji. Ukishakiunganisha, shusha volyumu ya kinanda chenyewe ndio usiskie sauti mbili kwa wakati mmoja.

Na pedali. Piano bila pedali ya mguu ni kama ugali bila mboga, itashuka lakini kwa shida. Pedali ya kawaida ni kati ya vitu vya bei ya chini kabisa kwa duka la ala, na inasaidia kila plagini utawahi kuweka. Hakikisha tu kinanda chako kina tundu lake.

Kama hauna kinanda na unachora noti na mausi, usijali, mahits mengi yametengenezwa hivyo. Lakini ukichora, noti zote hutoka na nguvu moja, na zote zinaanza sekunde ile ile kama wanajeshi kwa gwaride. Vidole vya binadamu haviko hivyo. Shusha nguvu za noti za katikati, pandisha ile ya juu inayobeba melodi, halafu sogeza noti moja moja kidogo tu kushoto ama kulia. Dakika tano za hiyo kazi zinashinda GB 10 za kushusha.

Sauti tano za kuanza nazo, hakuna kutoa hata bob

Usishushe plagini 60. Mtu mwenye piano 60 hutumia jioni yote akichagua na hamalizi ngoma. Shika hizi, moja kwa kila kazi.

*Piano ya kawaida: Salamander Grand Piano.* Hii ni Yamaha C5 iliyorekodiwa kwa matabaka 16, na inapeanwa bure kabisa. Leseni yake inakuruhusu kuitumia hata kwa ngoma ya kuuza. Ili ifunguke unahitaji programu ya kuchezea faili za SFZ, na sforzando ya kampuni ya Plogue ni ya bure pia. Ina sauti angavu, inafaa gospel na pop.

*Kama lapi ni mzee: Keyzone Classic.* Ni nyepesi, iko na priseti tano tu, zikiwemo piano kubwa za aina ya Yamaha na Steinway, na piano za umeme. Haina matabaka ya kujivunia, lakini kwa lapi ya RAM ya GB 4 inafunguka haraka na haikwami. Kwa biti ambapo piano iko nyuma ya ngoma na besi, hakuna mtu atajua.

*Piano laini ya huzuni: LABS Soft Piano.* Inatoka kwa Spitfire Audio ya London, ni bure lakini unafungua akaunti. Hii ndio ile sauti ya karibu, kama mtu anacheza usiku hataki kuamsha majirani. Ukitengeneza lo-fi, R&B ama muziki wa filamu, hapa ndio nyumbani.

*Piano ya umeme: jRhodes3 na Dexed.* Hapa kuna familia mbili, usizichanganye. Rhodes ni ala ya ukweli yenye nyundo inayogonga vyuma vyembamba, halafu sauti inachukuliwa na pikapu kama ya gitaa. Ukiigusa inalia kama kengele, ukiigonga inanguruma. Mbegu yake ilianza wakati wa vita vya pili vya dunia, Harold Rhodes alipotengenezea wanajeshi waliojeruhiwa piano ndogo za kuchezea kitandani. jRhodes3 ni rekodi za Rhodes ya ukweli, nayo inafunguka kwa sforzando. Familia ya pili ni ile sauti ya kioo ya nyimbo za mapenzi za miaka ya 80, iliyotoka kwa Yamaha DX7 ya 1983. Dexed ni plagini ya bure inayoiga hiyo DX7, na kwa sababu ni hesabu tupu haina rekodi yoyote. Hapa kuna raha moja: DX7 yenyewe ilikuwa mashine ya kidijitali, kwa hivyo kompyuta kuiiga si kama kuiga mbao na waya. Unakaribia kabisa.

*Ogani: CollaB3.* Ni ya kampuni ya Sampleson, bure, na inaiga Hammond B-3, ile ogani ya makanisa ya Waamerika weusi ambayo gospel yetu imeazima sana. Kitu watu hawajui: vitufe vya Hammond havijali nguvu. Bonyeza kwa hasira ama kwa upendo, volyumu ni ile ile. Uhai wake unatoka kwa vile vijiti 9 vya kuvuta na kutoka kwa spika ya Leslie inayozunguka, ile hufanya sauti itetemeke. Maana yake, kama kinanda chako hakisikii nguvu, ogani ndiyo sauti utaicheza vizuri zaidi leo. Wacha pedali ya piano, jifunze kubadilisha kasi ya Leslie katikati ya wimbo.

Kama uko kwa FL Studio na hauna hata data ya kushusha, iko na FL Keys ndani tayari, yenye piano na Rhodes. Wale wa Mac na iPhone wako na GarageBand. Wale wa simu ya Android wanaweza kuanza na BandLab, ya bure pia. Na ukitaka kuzurura, kuna Decent Sampler, ya bure, pamoja na jamii ya Pianobook ambapo watu wa kila pembe wanarekodi piano za nyanya zao, za shule, za kanisa, na kuziweka hapo bure. Zingine ziko nje ya tuni na zinalia kama mlango. Lakini hizo ndizo huipa biti yako sura ambayo hakuna mtu mwingine ako nayo.

Majaribio ya dakika kumi

Usichague kwa demo ya YouTube. Yule jamaa anacheza vizuri kuliko wewe, kwa kinanda cha nyundo, na ameongeza mwangwi wa kanisa kubwa. Weka plagini kwa lapi yako, zima mwangwi, vaa hedifoni za waya, halafu fanya hivi:

1. Bonyeza noti moja ya katikati mara kumi, ukianza kwa kugusa tu hadi mwisho wa nguvu. Je, rangi ya sauti inabadilika, ama ni volyumu tu? Na kuna mahali inaruka ghafla kama gari limebadilisha gia vibaya? Hapo matabaka ni machache.

2. Gonga noti moja haraka haraka kwa nguvu ile ile. Ikiskika kama bunduki, inarudia rekodi moja. Kwa piano unaweza kuvumilia, kwa Rhodes inaudhi.

3. Shikilia noti ya chini kabisa na pedali, ngoja hadi ife. Piano ya ukweli hufifia polepole kwa sekunde nyingi. Ya uongo inakatika, ama inaanza kuzunguka mahali pamoja.

4. Kanyaga pedali na ucheze noti nyingi kutoka chini hadi juu. Kama zingine zinapotea, plagini imeishiwa na sauti ama lapi imechoka.

5. Cheza wimbo unaoujua na moyo, polepole. Ukijipata umesahau unafanya majaribio, hiyo plagini ni yako.

6. Rekodi sekunde thelathini, weka kwa simu, uskize na spika ya simu. Huko ndiko watu watakuskia, na kwa matatu, na kwa spika moja ya kanisa. Piano nyingi hurekodiwa kwa upana mkubwa wa stereo, tamu kwa hedifoni, lakini zikiingia kwa spika moja zinakuwa nyembamba na kupotea. Kama hiyo inafanyika, punguza upana wa stereo.

"Nikibonyeza inachelewa"

Hii si kosa ya plagini, na ndiyo hufanya wengi waseme lapi yao haiwezi. Lapi hupeleka sauti kwa vifurushi vinavyoitwa bafa. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1024 inakuchelewesha karibu milisekunde 23. Ni kama kucheza ukiwa umesimama mita 8 kutoka kwa spika. Bafa ya 256 ni karibu milisekunde 6, kama mita 2. Hapo vidole na masikio vinakubaliana.

Kwa Windows, usitumie draiva ya kawaida ya sauti. Chagua FL Studio ASIO kama uko FL, ama weka ASIO4ALL, ya bure. Shusha bafa hadi 256 ukicheza, na sauti ikianza kukatika, panda kidogo. Ukimaliza kurekodi na uko kwa miksi, rudisha 1024 lapi ipumue. Na tafadhali, hedifoni za Bluetooth si za kuchezea piano. Zinaongeza ucheleweshaji ambao hakuna bafa itaondoa.

Kama sampuli zinachukua karne kufunguka, tatizo ni diski ya zamani ya kuzunguka. Hapo SSD ndogo itakufaa kuliko plagini yoyote ya kulipia, kwa sababu inafanya lapi yote iamke.

Kuhusu kraki, tuambiane ukweli

Kila mtaa kuna msee ako na flashi yenye "kila kitu". Sitakuhubiria. Nitakuambia tu mahali hesabu inakataa. Faili ya kraki inakuomba uzime kingamwili ya lapi ndio iingie. Umefungulia mgeni mlango, na lapi hiyo ndiyo iko na biti zako zote, imeli yako, na pengine akaunti zako za pesa. Siku ikifungwa na virusi, haupotezi plagini, unapoteza miaka miwili ya kazi. Pili, Windows ikijisasisha plagini inakufa na hakuna wa kupigia simu, na ile projekti ya mteja iko ndani yake. Kwa sauti ambazo mbadala wake ni bure na halali, hiyo ni hatari ya kununua kitu unapewa bure.

Kuna mtego mwingine, halali lakini unauma. Watu hupeana maktaba "za bure" za Kontakt. Kontakt Player ya Native Instruments ni bure kweli, lakini maktaba nyingi zinataka Kontakt kamili ya kulipia. Ukizifungua kwa Player zinacheza dakika 15 halafu zinanyamaza. Kabla uchome GB 5 za data, ama utumie mchana mzima kwa saiba, soma kama imeandikwa inafanya kazi na Player.

Lini ulipe?

Lipa siku unaweza kutaja kwa sentensi moja kitu kinakosekana. "Nataka piano poa" si sentensi, hiyo ni hamu. "Nikicheza polepole sana kwa worship, Salamander inaruka kati ya tabaka la kwanza na la pili" ni sentensi. "Nacheza laivu na lapi yangu haiwezi kubeba sampuli" ni sentensi pia. Ukiwa na sentensi, unajua cha kununua, na muuzaji hawezi kukudanganya.

Kwa hiyo ya pili, cheki Pianoteq ya kampuni ya Modartt ya Ufaransa. Ni piano ya hesabu, iko sokoni tangu 2006, na inachukua makumi ya MB tu, si GB. Toleo lake la chini linapita euro 100, kwa hivyo si pesa ya kuchezea, lakini toleo la majaribio ni bure: linafanya kazi dakika 20 kila ukilifungua, na noti kadhaa zimezimwa. Inatosha kujua kama vidole vyako vinaipenda.

Na kama unapanga kununua kifaa cha kurekodia sauti, soma kilichoandikwa kwa boksi kabla ya kuchagua. Vifaa na kontrola nyingi huja na programu halali ndani: Ableton Live Lite, ama plagini ya piano. Focusrite, kwa mfano, imekuwa ikipeana Addictive Keys ya XLN Audio pamoja na Scarlett zake. Hiyo ni piano ya kulipia umepata juu ya kitu ulikuwa unanunua. Ukinunua mtumba, uliza kama mwenyewe alishatumia namba ya usajili.

Programu ya kurekodi nayo isikufilisi. Reaper unaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu, na leseni ya watu wadogo ni dola 60, karibu ngiri nane. FL Studio ya majaribio inakuruhusu kuhifadhi projekti, lakini hauwezi kuifungua tena hadi ulipe, kwa hivyo toa biti yako kama faili ya sauti kabla uzime. Malipo si lazima uwe na kadi ya benki, kadi ya M-Pesa GlobalPay inafanya kazi kwa maduka ya nje. Na kama hauna haraka, ngoja Novemba. Wiki ya Black Friday kampuni nyingi za plagini hukata bei, na ile ilikuwa inakuangalia kwa dharau mwezi wa tano inakuja nusu.

Mpango wa kuchoma, kwa ufupi

Mwezi huu weka piano moja, Rhodes moja na ogani moja, zote za bure. Rekebisha velositi na bafa. Chukua wimbo mmoja, cheza kwa hizo tatu, uone vile kila moja inakulazimisha kucheza tofauti: piano inataka pedali, Rhodes inataka nafasi kati ya noti, ogani inataka vidole visitoke kwa vitufe. Hapo ndipo uhalisi unatoka. Mtu akicheza ogani kama piano, itaskika feki hata akiwa amekaa kwa Hammond yenyewe.

Doo ya kwanza ukipata, nunua pedali. Ya pili, kinanda kinachosikia nguvu. Ya tatu, SSD. Plagini ya kulipia iko namba nne.

Na kama bado unadhani sauti ya bei ndogo haiwezi kufika mbali, kumbuka log drum, ile besi ya amapiano inayotikisa kila klabu kutoka Soweto hadi Westlands. Hiyo sauti ilitoka kwa Fruity DX10, plagini ndogo ya kizamani iliyo ndani ya FL Studio, ambayo watu walikuwa wanaipita kila siku wakienda kutafuta za bei. Fungua lapi yako. Pengine unaipita saa hii.